Ugomvi wa Mezani

Tangu arudi kutoka Italia, Mumbua hakutulia. Aliketi, akainuka, akapangusa meza aliyokwisha kuipangusa, akachungulia dirishani kana kwamba anangoja mgeni, na hapo Stechford, Uingereza, hakuna mgeni anayekuja bila kupiga simu. Mumewe Walter alikuwa akila ugali baada ya kanisa, kimya, kama kawaida yake. Kimya hicho ndicho kilichokuwa kikimkosesha raha.

Wiki moja kabla ya safari, alimsikia Walter akimwambia nduguye wa Nyeri kwa simu kwamba Agosti anarudi nyumbani moja kwa moja. Mama Nyambura, yaani yeye Mumbua, angeambiwa baadaye. Baadaye hiyo haikufika, na Mumbua hakuuliza, maana aliogopa kuambiwa kwamba anaachwa. Akapanda ndege, akaenda Bologna kuwaona wazazi wa mume wa binti yao Nyambura.

Walter akataka kujua Waitaliano wakoje. Mumbua akamhadithia. Wanabusu mashavu yote mawili, hata kama mmeagana jana usiku. Kahawa ya maziwa ni ya asubuhi tu. Yeye aliiagiza baada ya chakula cha mchana, mhudumu akamtazama kama mgonjwa. Jioni mji mzima huvaa vizuri, wazee kwa watoto, ukatembea barabarani bila kwenda popote. Na ukimaliza chakula sahanini, umeomba kingine.

Habari ya ugomvi aliichelewesha. Ornella, mama mkwe wa Nyambura, na mumewe Gianfranco walirushiana maneno mezani juu ya nyumba ya urithi, mume akitaka kuiuza na mke akikataa. Mikono hewani, meza ikipigwa mpaka vikombe vikaruka. Mumbua akaona ndoa ya watu inavunjika mbele ya macho yake. Akasimama, akasema tuombe. Wote wakainamisha vichwa, naye akaomba kwa Kikamba na Kiswahili, akamkemea shetani kwa jina lake. Ornella akasema amina, kisha akaendelea kumgombeza mumewe pale pale alipoachia. Walipochoka, akammenyea mumewe tunda la pichi.

Walter alicheka mpaka akapaliwa. Mumbua hakucheka.

"Ornella akaniuliza sisi hugombana lini," alisema. "Nikamwambia kwa maringo, miaka thelathini hatujapandishiana sauti. Unajua alifanya nini? Alinishika mkono, akanipa pole."

Walter akaacha kucheka. Akasema anaenda kuangalia gari. Ndiyo njia yake ya siku zote ya kuyakimbia maneno, na gari lenyewe halikuwa na kasoro yoyote.

"Kaa chini, Baba Nyambura. Agosti unaenda na nani?"

"Punguza sauti. Majirani."

"Wacha wasikie. Mimi nilisikia ukimwambia ndugu yako, nao wasikie."

Walter alikuwa amekwisha kushika kitasa cha mlango. Akageuka, akarudi mezani, na mtu huyu mpole, ambaye hata kanisani huimba kwa midomo tu, akaipiga meza kwa kiganja.

"Nimechoka. Kila siku niko kwa shift, naosha wazee wa wenyewe. Mama yangu anaoshwa na jirani. Tangu Krismasi hatoki kitandani. Ningekuambia ungekataa, na ukikataa ningebaki. Sitaki kubaki."

Mama huyo ndiye aliyemlea Nyambura tangu anatambaa mpaka anaanza shule, wao wakihangaikia maisha Uingereza. Alimwita Mumbua binti yangu, hakuwahi kumwita mke wa Walter. Tangu Krismasi, na yeye kila Jumapili akiambiwa kwamba mama hajambo, anawasalimu. Hasira na aibu vikamjaa kwa pamoja, asijue kipi kitangulie.

"Ukanificha mama," alisema, na sauti ikamkatika. Akaitafuta tena, ikaja kubwa kuliko alivyokusudia. "Nani alikuambia ningekataa? Nyeri ulimpigia ndugu yako. Mimi niko hapa, nakupikia, na hujaniuliza."

Walter akautazama mlango.

"Niulize, Walter. Niulize sasa."

Walter akavuta kiti, akaketi. Machozi yakimlengalenga, akamuuliza kama angeenda naye Agosti.