Pambizo la Kushoto

Karani wa masomo ya uzamili aliweka rula kwenye ukurasa wa kwanza wa tasnifu, akamrudishia mwanafunzi.

"Pambizo la kushoto ni jembamba. Tukiishona iwe kitabu, maneno yatamezwa. Irekebishe kabla hatujafunga ofisi leo, la sivyo utaitetea mwakani."

Mwanafunzi alikwenda moja kwa moja kwa shangazi yake, aliyemchapia kazi yote. Huko akawasha kompyuta ya shangazi, akapanua pambizo. Kurasa zikavurugika: mstari mrefu, neno moja limebaki peke yake, mstari mrefu tena, hivyo hivyo hadi marejeo.

"Shangazi, kila mwisho wa mstari ulikuwa unabonyeza enta?"

"Sasa nibonyeze nini? Kwenye taipureta nilikuwa nageuza mstari mwenyewe. Sikuajiriwa kungoja mashine ijisikie."

"Hii inageuza yenyewe. Inajua."

"Inajua nini? Tazama ilichokifanya."

Mwanafunzi aliisogelea kibodi. Aliiagiza kompyuta ifute enta zote kwa mpigo, nayo ikatii. Sura, aya na majedwali vikawa donge moja la maneno. Alipojaribu kurudisha nyuma, skrini iliganda.

"Ulihifadhi?" shangazi aliuliza.

"Sikumbuki."

"Msomi mzima."

Mwanafunzi alishikilia kitufe cha kuzima hadi kompyuta ikazimika. Ilipowaka, faili lilikuwa kama lilivyokataliwa.

"Nitausogeza ukurasa wote kulia," mwanafunzi alisema hatimaye. "Ninachoongeza kushoto nakipunguza kulia. Upana wa mstari haubadiliki, kwa hiyo hakuna kitakachovunjika."

"Na akipima kulia?"

"Tutajua huko huko."

Walichapisha nakala mpya, wakafika karani akifunga madirisha. Alifungua tasnifu katikati, akapima kushoto, akaitikia kwa kichwa. Kisha akaihamishia rula upande wa pili. Shangazi alianza kusoma tangazo ukutani.

"Huku kumebana," karani alisema.

"Ndiyo," mwanafunzi alijibu.

Karani aliikunja tasnifu kidogo, akaangalia mgongo wake, kisha ukingo.

"Lakini huku hakushonwi." Akagonga muhuri. "Ukishatetea, uniletee masahihisho. Na faili lenyewe."

"Masahihisho nitachapa mimi," shangazi alimwambia karani.

Mwanafunzi aliupuliza wino wa muhuri ukauke.

"Tutakaa wote, shangazi," alisema. "Enta nitabonyeza mimi."