Kiti Kilichohamia Upande wa Jirani

Saa tatu asubuhi fundi cherehani alikaa kwenye benchi la mahakama, mkoba mapajani, mdogo wake ubavuni. Mkobani mlikuwa na hati ya nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, pamoja na ombi la ukurasa mmoja: jaji ajitoe kwenye kesi, kwa kuwa ameoa binti wa jirani anayeidai nyumba hiyo.

"Ombi lenyewe anasikiliza nani?" mdogo mtu aliuliza.

"Jaji."

"Yupi?"

"Huyo huyo."

"Makubwa!"

Jaji aliingia, wakasimama, akaketi. Kiti chake kikashuka ngazi tatu za jukwaa, taratibu, kama mzee mwenye goti bovu, kikasimama kando ya jirani. Jirani alisogeza mfuko wake kukipisha. Askari akakirudisha, kikashuka tena. Karani alimletea jaji glasi yake kule kule, akaandika kwenye jalada: kiti kimehama, saa tatu na dakika kumi.

"Juzi kilichelewa," alisema.

"Sema, mama," jaji alimwambia fundi.

"Mheshimiwa, nimeambiwa jaji akiwa na undugu na mmoja wetu anapaswa kujitoa, kesi apewe mwingine. Huyo uliyekaa naye ni mkweo."

Jaji alimtazama mkwewe. Kati yao pangepita kidole kimoja, na fundi hakuhitaji utepe wa kupimia kulijua hilo.

"Maji yanatosha, mwanangu?" jirani alinong'ona.

"Yanatosha, baba." Jaji akamgeukia karani. "Hilo usiandike."

Kisha akasoma uamuzi. Upendeleo huthibitishwa kwa ushahidi. Kiti hakijaapishwa, hivyo si shahidi. Yeye amejiuliza kwa dhati kama anapendelea, na amejijibu kwamba hapendelei. Ombi limekataliwa.

Kesi ikaendelea pale pale. Kabla ya adhuhuri nyumba ilikuwa ya jirani, na fundi alipewa siku thelathini za kuhamisha cherehani. Ilipoitwa kesi ya watu wengine, kiti kilipanda ngazi chenyewe, kikatulia mahali pake.

Nje, wale ndugu wawili waligawana kivuli cha mwavuli mmoja.

"Kitendawili," fundi alisema.

"Dada, hata leo? Haya, tega."

"Nyumba yangu ina mlango mmoja, na ufunguo umeshikwa na mlango wenyewe. Nitaingiaje?"

Mdogo wake alifikiri mpaka wakavuka barabara.

"Nimeshindwa. Chukua mji."

"Mji wa nini, mdogo wangu? Mimi nataka nyumba yangu."