Maji ya Kikombe cha Bati

Mti ulipaswa kuangukia bondeni. Ukaangukia upande wa watu. Munyakazi, mkulima wa maharage kutoka Muheto, alikuwa kwenye kazi ya barabara ya Walikale, na walipomtoa chini ya matawi, Mukasine, aliyekuwa amemletea chakula, hakumtambua mumewe ila kwa kovu la goti. Alisimama tu na kikapu chake. Machozi yalikataa katakata.

Walimbeba kwa kipoyi, machela ya miti, hadi hospitali ya misheni, wakipokezana mabegani. Dancille, mke mkubwa, alibaki na watoto na shamba. Mukasine, mke mdogo, ndiye aliyetandika mkeka kando ya kitanda. Nani mwingine angekwenda? Kazi kama hizo hupewa yule asiye na mtoto wa kumshika nguo.

Siku ya pili, alasiri, pumzi ya Munyakazi ilianza kukatika. Masera Joséphine-Marie, mtawa muuguzi, alikuwa kwa mwanamke anayejifungua. Mukasine alichanganyikiwa. Mumewe hakuwa amebatizwa: kila Pasaka mapadri walimwambia abaki na mke mmoja, na kila Pasaka alijibu mwakani. Lakini Mukasine alikuwa amesikiliza katekisimu akiwa nje ya dirisha, na alijua kwamba mtu akiwa anakufa, yeyote anaweza kumbatiza. Alichota maji kwa kikombe cha bati, akammiminia kichwani, akasema maneno ya ubatizo, akamwita Raphaël, jina pekee la mtakatifu lililomjia. Kama ni kwenda, alifikiri, basi aende vizuri.

Hakwenda.

Kulipokucha alimeza uji. Mukasine akamwongezea kijiko kingine. Baadaye vidole vya mguu vikasogea, mgonjwa akavikodolea macho kana kwamba vilikuwa vya mtu mwingine. Kisha likaja neno la kwanza: "Chumvi." Uji haukuwa na chumvi! Mtu aliyekwisha kuliliwa analalamikia chumvi. Mukasine alicheka mpaka wagonjwa wengine wakamwambia anyamaze. Kwake jambo lilikuwa wazi: ni yale maji yaliyomrudisha. Akamweleza Masera yote, kwa furaha, bila kuficha kitu.

Athanase, katekista, alikuja siku Munyakazi aliposimama kwa mara ya kwanza, akiegemea bega la Mukasine. Alimwita mwanamke barazani. Hakuwa mtu mbaya, na maneno yalimtoka kwa shida.

"Mama Mukasine, kama ule ubatizo iko wa kweli, bwana yako sasa iko mukristo. Mukristo iko na bibi mumoja."

"Nani?"

"Ule wa kwanza. Dancille."

Masikio ya Mukasine yaliziba. Aliona mdomo wa Athanase ukicheza, asisikie kitu, kisha sauti ikarudi.

"Lakini lazima nikuulize. Muntu akiogopa, anasahau. Maji iligusa kichwa kweli? Maneno ulisema yote? Kama hapana, ubatizo haiko. Hakuna mwengine aliona. Tutafuata vile utasema." Alikuwa akitazama viatu vyake.

Neno moja tu. Aseme "nilisahau", arudi Muheto na mumewe. Alifungua kinywa. Lakini kama maji ndiyo yaliyomwinua, nani alijua kitakachompata akiyakana? Alimwona tena chini ya matawi, damu puani. Hasira ikampanda, kwa ule mti, kwa zile Pasaka zote za mwakani, kwa mkono wake mwenyewe uliofanya haraka namna ile.

"Maji iligusa," alisema. "Maneno nilisema yote. Jina yake iko Raphaël."

Athanase alivua kofia.

Dancille alipokuja kumchukua mume, alikuwa ameshaambiwa na katekista, na macho yake yalikuwa mekundu. Munyakazi hakuna aliyethubutu kumwambia. Mukasine alimwonyesha mwenzake namna ya kumshika.

"Usimuvute mukono, dada. Ingia chini ya bega ya kushoto. Na kwa uji, utie chumvi."

Munyakazi alipiga hatua chache na Dancille hadi mlangoni, akasimama. Mkono wake wa kulia ulikuwa hewani, ukingoja.

"Mukasine," aliita bila kugeuka, "bega yako iko wapi?"