Malachy Wawili wa Knockaveen

Kwa miaka tisa Attracta Killoran alikuwa akiwatafutia watu wa mbali jamaa zao, na kazi hiyo aliiweza hasa. Kila Alhamisi alifungua chumba kidogo nyuma ya kanisa la Killaveen, akawasha hita, akapanga mezani nakala za rejesta za ubatizo, ndoa na maziko, kisha akawangoja Wamarekani ambao babu zao walihama huko zamani. Walikuja na makoti yao mapya ya mvua, machozi yakiwalengalenga hata kabla hawajaonyeshwa kitu. Aliwaambia ukweli bila kuzungusha maneno. Kama babu yako hayumo, hayumo.

Februari kaka yake Phelim akafariki. Walikuwa wakiishi wawili tu katika nyumba ya baba yao, mmoja hakuoa, mwingine hakuolewa. Kanisani benchi la mbele huachiwa wafiwa, na Attracta alilikalia peke yake, benchi la watu wanane. Majirani walijaa kuanzia la pili kurudi nyuma, maana ndiyo adabu, na hakuna aliyethubutu kusogea mbele. Ilipofika zamu ya kupeana mikono, watu mia mbili walipita, "pole kwa msiba, Attracta, pole kwa msiba," wote wakiushika mkono ule ule mmoja. Alirudi nyumbani unamuuma hadi kwenye kiwiko.

Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja: mtu mmoja aliye hai mwenye damu yake. Hakujali ni nani wala anaishi wapi. Alitaka awepo tu.

Akaanza kujitafutia mwenyewe, lakini ukoo ulikuwa mfupi; upande wa mama hakubaki mtu. Babu yake, Bartley, alikuwa na mdogo wake mmoja tu, Malachy, na huyo Malachy alikufa mwaka 1887 akiwa na miaka mitatu. Maziko yake yalikuwa rejestani, kwa mwandiko wa padre. Na hata bila rejesta Attracta alijua, kwa sababu kila Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, baba yake aliwapigisha magoti jikoni, yeye na Phelim, wamwombee Malachy mdogo. Upande huo hakukuwa na cha kutafuta.

Ndiyo maana Mei, alipokuja mzee wa Pennsylvania aitwaye Gerald Killoran, akasema babu yake alikuwa Malachy Killoran wa Knockaveen, kijiji cha akina Attracta, Attracta hakusita hata kidogo.

"Haiwezekani," alimwambia. "Wa Knockaveen ni sisi, na huyo alikufa mtoto."

"Hakuna mwingine, dada? Labda kwenye kurasa nyingine..."

"Bwana Killoran, mtoto wa miaka mitatu hapati wajukuu. Jaribu parokia ya jirani. Huko akina Killoran wamejaa tele."

Mzee alicheka kwa adabu. Akaomba aandikiwe, awapelekee wa nyumbani. Attracta akamwandikia barua, akaitia sahihi na muhuri, akamfungulia mlango. Dirishani alimwona amekaa ndani ya gari la kukodi muda mrefu bila kuliwasha. Alimhurumia kidogo, halafu akala mkate wake wa mchana.

Alhamisi moja ya Oktoba, mvua ikipiga vioo, alikuwa akimtafutia mwanamke wa Australia habari za akina Tansey. Akafungua ubatizo wa mwaka 1889. Katikati ya ukurasa: Malachy, mwana wa Thomas Killoran na Honor Tansey, Knockaveen.

Alisoma mara tatu. Wazazi wale wale wa babu Bartley, nyumba ile ile, miaka miwili baada ya maziko.

Sasa, katika nchi ile hata mtoto mdogo angekwambia kwamba zamani mtu akifiwa na mwana, anayezaliwa baadaye hupewa jina la marehemu, jina la babu lisije likapotea. Attracta mwenyewe aliwaonya wageni kila wiki: ukikuta maziko usifunge kitabu, endelea kufunua. Kwa watu wake mwenyewe hakufunua. Mtoto aliyemwombea kwa magoti utoto wake wote, nani angemwambia kuna mwingine, aliyehamia ng'ambo na asitajwe tena nyumbani?

Akavuta sensa ya 1911. Honor Killoran: watoto aliozaa, watatu; walio hai, wawili. Karatasi hiyo aliijua miaka mingi. Siku zote alidhani karani alikosea kuhesabu. Akaona aibu, aibu ya kutaka kujificha, ingawa chumbani hakukuwa na mtu.

Bernie Scanlon, jirani yake aliyekuwa akipamba kanisa kwa maua, akaingia na chai.

"Mbona umepauka hivyo? Umegundua kosa la padre?"

"La kwangu."

"Lako wewe? Ngoja nikae chini. Hili litangazwe misani!"

"Bernie, yule Mmarekani wa Mei ni ndugu yangu. Babu zetu ni tumbo moja. Nikamfukuza."

Bernie akaacha kucheka. "Namba yake unayo?"

"Imo kwenye kitabu cha wageni."

"Basi unangoja nini, avuke bahari tena akubembeleze? Huko saa hizi ni asubuhi. Piga, mama wewe! Mimi nitakuwa na maua yangu hapo kanisani."

Simu ikilia upande wa pili, akilini Attracta alikuwa ameshafungua madirisha ya chumba cha Phelim, ameshatandika kitanda, na Krismasi wanakula bata, wao wawili, badala ya kipande cha nyama ya mtu mmoja.

Akapokea mwanamke.

"Samahani, namtafuta Bwana Gerald."

"Baba alifariki Agosti. Nani mwenzangu?"

Attracta alijitaja.

"Wewe ndiye wa ile barua," mwanamke akasema.

"Ndiyo. Nilikosea, mwanangu. Babu yake alikuwa wa kwetu."

"Ngoja." Droo ikavutwa. "Ninayo hapa. 'Hana uhusiano wowote na familia ya Knockaveen.' Ina muhuri."

"Najua. Niliupiga mimi."

"Baba alikuwa ameandika achomwe akifa, majivu yake yaletwe huko kwenu. Tangu niko shule ya msingi anasema hivyo. Aliporudi akafuta. Akasema mtu halazwi kwa watu wasiomjua. Tukayamwaga mtoni hapa, chini ya daraja la reli, mimi na mume wangu. Basi."

Attracta akauliza, "Unaitwa nani?"

"Darlene."

"Darlene, mimi ni ndugu yako. Ukitaka kuja, chumba kipo, na..."

"Mama, usiniambie mimi." Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka. "Aliyetaka kuambiwa hivyo alikuwa baba. Asante kwa kupiga."

Simu ikakatika.

Bernie akachungulia mlangoni, vidole vimelowa maji ya maua. "Enhe! Umempata?"

"Nimempata."

"Si nilikwambia! Anakuja lini?"

Attracta akaurudisha mkono wa simu mahali pake, taratibu.

"Haji," akasema.