Chemchemi Marehemu

Mzee Ephraimu hakuwa na gari, hakuwa na ng'ombe wa kisasa, hakuwa na jino moja la mbele, wala hakuwa na mtu wa kumwambia amekosea. Hilo la mwisho hakuliona kuwa upungufu. Alichokuwa nacho ni cheti cha Kiingereza cha shule ya jioni, kilichotundikwa sebuleni juu ya picha ya harusi yake, ili wageni waanze na lililo muhimu.

Zilikuwa enzi za ruksa. Maduka ya Arusha mjini, ambayo juzi tu yalikuwa na rafu na vumbi, sasa yalijaa sabuni za kila rangi na mbegu kutoka Ulaya. Ephraimu akanunua pakiti ya mbegu za maua. Binti yake Anande alikuwa anaolewa baada ya Krismasi, na wakwe walikuwa wafanyabiashara wa Kichaga. Katika kikao cha harusi, baba wa bwana harusi, Mzee Ndesanjo, alijitolea kuleta maua ya kanisani kutoka mjini. Ephraimu akajibu mbele ya wote kwamba kanisa litapambwa kwa maua ya shambani kwake, la sivyo yeye hatamsindikiza binti yake madhabahuni. Mdomo huponza kichwa, na cha Ephraimu kilikuwa kikubwa.

Pakiti ilisema kwa Kiingereza: ukipanda "late spring", maua utayaona mwaka huohuo. Asiye na cheti angekwama, au angedhani ni mwishoni mwa majira ya machipuo ya huko Ulaya. "Spring" ni chemchemi, kamusi ilithibitisha. Na "late"? Kila aliyewahi kusoma tangazo la kifo gazetini anajua kwamba "late" ni marehemu. Basi mbegu zilitaka chemchemi marehemu. Bahati iliyoje, alikuwa nayo: bondeni, chini ya migomba, palikuwa na chemchemi iliyokauka miaka mingi, marehemu kabisa, isiyowaachia warithi hata tope.

Mkewe Elinipa aliuliza kwa nini asizipande karibu na jiko, panapomwagwa maji ya vyombo. Alielezwa, kwa upole wa mwalimu, kwamba Wazungu hawaandiki pakiti kwa kubahatisha.

Akapanda Septemba. Sadoki, jirani yake wa bondeni, alisimama kutazama, akauliza hilo ni kaburi la nani. Ephraimu akamshauri ajiandikishe shule ya jioni, maana elimu haina mwisho.

Vuli ikaja mapema, tena kwa hasira. Chemchemi, ambayo haikuwa imesoma Kiingereza, ikafufuka. Ikazoa udongo na mbegu, ikavishusha vyote kwa Sadoki. Krismasi ilipokaribia, maharage ya Sadoki yalikuwa yamemezwa na maua mekundu na ya rangi ya machungwa, na waumini wakitoka ibadani walipitia kuyatazama. Kwa Ephraimu walibaki vyura.

Akatuma neno kwamba anadai maua yake. Sadoki alimjibu kupitia kwa Elinipa.

"Mwambie baba Anande maua yamekuja kwa miguu yao. Si ndiyo soko huria? Lakini akiyataka nitampa yote. Aniombe tu. Asinidai, aniombe."

Elinipa alifikisha ujumbe bila kuongeza chumvi, dalili kwamba amekasirika.

"Baba Anande," akasema, "Jumamosi utamsindikiza mtoto, au utabaki hapa na cheti?"

Ephraimu akakaa mezani. Akaandika barua kwa mwandiko wa kiofisi: *Yah: Maua Yaliyohamia Kwako Bila Kibali.* Akaeleza tabia ya maji kwenye mteremko, aya tatu nzima. Elinipa, aliyekuwa akichagua mchele, alizidi kutupa mawe kwa kishindo. Siku hiyo mchele ulikuwa na mawe mengi mno. Ephraimu akaichana barua.

Ya pili ilikuwa fupi: *Ndugu Sadoki, naomba maua kwa ajili ya harusi ya Anande. Nilikosea kusoma.* Neno "naomba" lilikuwa dogo kuliko mengine, lakini lilisomeka.

Akatoka uani, akachuma jani la sale, lile ambalo huku mlimani ukiletewa huwezi kukataa kusamehe, akalipiga fundo na kulitia ndani ya bahasha. Akalamba gundi, akabana kwa kiganja, akaandika anwani kamili, pamoja na sanduku la posta, ya mtu aliyekuwa akimsikia kila akipiga chafya. Akamkabidhi Elinipa na kumwomba aipeleke upesi, kabla yeye mwenyewe hajaghairi.

Elinipa alikuwa ameshafika migombani.