Penseli Juu ya Aluzinki

Mimi bati la aluzinki nalitetea kama ndugu wa damu, na watu wananicheka kwa hilo. Wacheke. Ukilitazama unadhani ni chuma kitupu, kumbe ni chuma kilichovishwa ngozi nyembamba: alumini zaidi ya nusu, iliyobaki zinki, na chembe ya silikoni. Alumini inakinga mvua na kurudisha jua lilikotoka. Zinki nayo, ukikata bati, inajitoa iliwe yenyewe ili chuma cha ukingoni kisiliwe. Ndiyo maana utalikuta mgongoni mwa friji, kwenye mabomba ya kupitishia hewa, kwenye maghala ya nafaka, hata chini ya magari kwenye ekzosi. Hayo yote niliyasoma kwenye karatasi za kiwandani. Na bati hili mimi silikati kwa grinda, ile mashine ya umeme ya kukatia chuma, maana cheche zake zikitua juu ya bati huota kutu. Nakata kwa mkasi, mkono ukiniuma potelea mbali, na jina la Bi Mkasi nimelipatia hapo.

Sasa asubuhi moja mwalimu mkuu wa shule ya wasichana akanipigia simu.

"Bi Mkasi, bwalo linaota kutu."

"Haliwezi, mwalimu."

"Njoo uone lilivyoweza."

Bwalo hilo tuliliezeka mimi na baba. Baba ni seremala, mbao zote za paa ni zake, mabati ni yangu. Halikuwa limemaliza hata misimu miwili ya mvua. Na siku hiyohiyo kamati ya ujenzi ilikuwa inakaa kuamua nani ataezeka bweni, jengo kubwa mara tatu ya bwalo. Mpaka simu ile inalia, bweni lilikuwa letu. Tukilikosa kwa sababu ya kutu, nani angeniita tena? Ningebaki kuziba matundu kwenye mabanda ya watu. Nilikwenda nimevimba kwa hasira, baba nyuma yangu na ngazi begani.

Mwenyekiti wa kamati alitupandisha ghorofani, kwenye chumba cha walimu, akatufungulia dirisha. Paa lilikuwa chini yetu na miteremko yake minne, linang'aa vizuri tu, ila huku na huku lina alama za kahawia, kama kuku wamepita na matope miguuni.

"Sikuleteeni ugomvi," mwenyekiti alisema. "Mwenye duka kawauzia bati feki. Semeni hivyo tu, tunamwandikia barua, analeta mengine, na bweni mnabaki nalo."

"Feki," baba akadakia. "Nilijua tangu siku ya kwanza. Mabati ya siku hizi ukiyapigia chafya yanapeperuka."

"Si feki," nikasema. "Muhuri wa kiwanda niliukagua bati kwa bati. Nishikieni ngazi, niwaonyeshe."

Tulishuka, nikapanda. Baba alishika ngazi, mwenyekiti na mwalimu mkuu wakasimama kivulini. Nilianza na kingo nilizokata: safi. Skrubu na mipira yake: safi. Saruji haikugusa bati popote, na hapakuwa na bomba la shaba linalodondoshea maji juu yake, maana shaba na aluzinki ni paka na panya. Nikajisemea, wewe Bi Mkasi kazi unaijua. Nikatambaa hadi kwenye alama ya kwanza, nikapiga magoti, nikaifuta vumbi kwa kiganja.

Ilikuwa kumi na nne.

Namba kabisa, imeandikwa kwa kutu. Nne yake ina kichwa wazi, na mkia umeinama kushoto. Bati lililofuata lilikuwa kumi na tano na mshale. Mwandiko ule naujua tangu natumwa dukani na orodha ya misumari. Ni wa baba.

Paa la miteremko minne kila bati la pembeni linakatwa mshazari kwa kipimo chake, lisipowekwa namba utachanganyikiwa. Baba ndiye aliyepima chini na kuandika, kwa penseli yake ya useremala, kama alivyoandika kwenye mabati ya zamani maisha yake yote na hakikutokea kitu. Au kilitokea, ila hakuna aliyepanda kutazama. Ule weusi wa penseli ukilowa juu ya aluzinki unaila ngozi, na ngozi ikiisha chuma kinabaki uchi. Karatasi ya kiwandani imesema wazi: usiandike kwa penseli. Na mimi niliisoma. Nilimsomea baba saruji mbichi, nikamsomea shaba, nikamsomea grinda. Mstari wa penseli niliuruka, niliuona wa kitoto.

"Unaona nini huko?" baba akauliza kutoka chini.

Nilikaa juu ya bati linanichoma makalio, nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Mwenyekiti alikuwa anaogopa ngazi, asingepanda. Mwenye duka hakuwepo kujitetea. Neno moja tu, feki, na bweni ni letu, na baba anarudi nyumbani na heshima yake. Mzee yule watu wamemwamini miaka arobaini, mimi nani wa kumvua nguo mbele ya kamati? Lakini mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na mimi siku zote nawasema mafundi wa namna hiyo. Nikashuka.

"Bati ni zima," nikawaambia. "Kosa ni letu sisi mafundi. Ni penseli."

Nikawaeleza habari ya namba zilizoota kutu. Mwenyekiti akacheka. "Penseli hii hii ya watoto wa shule? Inakula chuma?"

"Inakula ngozi yake. Chuma kinamalizwa na mvua."

"Na nani aliandika namba hizo?" akauliza, daftari la kamati mkononi.

"Onyo nililisoma mimi na sikulisema. Andika jina langu."

Baba aliiachia ngazi. "Ni namba gani hiyo?"

"Kumi na nne, baba."

"Nne yake ina kichwa wazi?"

"Ndiyo."

"Basi ni mkono wangu," akamwambia mwenyekiti. "Huyu usimwandike."

Nimemsikia baba akilaumu mbao, mvua, misumari na wapasua mbao wote wa dunia hii. Kujilaumu mwenyewe sijawahi kumsikia. Nikajifanya nafunga mkasi.

Nilisema mabati yote yenye alama tutayabadilisha sisi wenyewe, kabla mvua hazijaanza. Mwenyekiti alimtazama mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akakuna kichwa. "Miaka ishirini nasahihisha madaftari," alisema, "na hajatokea mwanafunzi akaniletea kosa ambalo sikuliona. Bweni nawapeni, mwenyekiti akikubali."

Mwenyekiti alikubali kwa shingo upande, lakini alitaka jambo moja. Akamgeukia baba kwa kuwa ndiye mkubwa. "Mzee, nataka mtu mmoja wa kumshika kwenye bweni. Atakayesema hiki kifanywe na hiki kisifanywe, na wote mkamsikiliza. Nani mkuu wa kazi?"

Tangu nianze kazi, baba akinitambulisha kwa watu ni maneno yaleyale: huyu binti yangu, ananishikia mabati. Nikangoja kuyasikia.

"Usiniulize mimi," baba akasema. "Mimi seremala. Muulize fundi."

Mwenyekiti akageuka, na mimi nikageuka kutazama nyuma yangu nani amekuja.