Kisigino cha Msaji

Kiatu kilimpata mdomoni kabla hajamaliza kusema. Kilikuwa kipya, cheupe, soli nene kama mkate wa boflo, na kilirushwa na mkono uliozoea kupiga. Teresina alionja damu. Alikiokota, akakaa tena nyuma ya sanduku lake pale mlangoni, akakibonyeza kisigino kwa dole gumba. Dole likazama.

"Ni cha kukimbia, boss," alisema taratibu, midomo ikimvimba. "Chuma kikikaa mabegani, hiki kinalalia upande. Goti linafuata."

"Wewe nani ya kufundisha mimi?" Duku aliwageukia walinzi wenzake waliokuja naye kunyanyua chuma. "Munasikia? Mulinzi ya viatu iko mwalimu leo!"

Walicheka, kwa kuwa mkubwa wao alitaka wacheke.

Jimu ya Mama Moraa, hapo mtaa wa Hai Amarat mjini Juba, nyuma ya hoteli, ilikuwa na sheria moja: vumbi la barabarani halivuki kizingiti. Mtu akifika huweka mguu juu ya sanduku, Teresina akamfungua kiatu cha nje na kumfunga cha ndani. Akimaliza, hurudi, akaweka mguu, akafunguliwa. Wote walifanya hivyo, hata wenye magari makubwa. Duku peke yake hakuweka mguu. Yeye alivua kwa teke, na kiatu kikaangukia popote, mara nyingi juu ya Teresina.

Miaka miwili alikaa hapo, macho yake usawa wa vifundo vya watu. Shule aliiachia darasa la tano, kambi ya wakimbizi ya Adjumani, Uganda, lakini miguu aliisoma mpaka akaijua. Anayeng'oa chuma sakafuni anataka soli bapa, ngumu, karibu na ardhi, kama ndala za tairi za kaka yake mdogo, Lemi, zile ambazo Juba huitwa mutukhali, maana utakufa uziache bado nzima. Anayechuchumaa na chuma mabegani anataka kisigino kilichoinuka kidogo, kisichobonyea, na mbele pawe papana ili vidole vishike chini. Kiatu cha namna hiyo alikitafuta soko zima la Konyo Konyo, hakukiona. Basi akachukua raba kuukuu za turubai, akang'oa soli, akashona ya tairi, akaomba kipande cha msaji kwa seremala, akakichonga visigino viwili na kuvipigilia. Namba arobaini na tano. Mguu wa Duku.

Alizianza siku ile ya Thok.

Thok ndiye aliyesimama nyuma ya Duku, tayari kudaka chuma. Siku hiyo Teresina alikiona kisigino laini kikilalia ndani, goti likafuata, na chuma kikaporomoka mgongoni kikauponda mkono wa Thok sakafuni. Duku akavua mkanda wake wa ngozi, akamchapa nao usoni. "Umeniachia! Umeniachia!" Alimchapa hali mkono wake ukiwa bado chini ya chuma. Walinzi walitazama tu. Mama Moraa aliideki damu mwenyewe. Thok hakurudi.

Leo nyuma ya Duku angesimama Lemi.

"Mama, mzuie Duku," Teresina alinong'ona.

"Nimemwambia mara mbili, Teresina." Mama Moraa alikunja kitambaa chake, akakikunjua. "Akitoka huyu anatoka na walinzi wote, na ndio wanaonilipa. Mwambie kaka yako ashike vizuri tu."

Lemi alikuwa ameshapanga kilo mia mbili. Aliutazama mdomo wa dada yake, akatikisa kichwa kidogo: nyamaza.

Duku akanyoosha mkono bila kugeuka. "Kiatu, ya bit, wewe musichana. Na mwenzake. Haraka."

Kisu cha kukatia soli kilikuwa chini ya paja lake. Teresina, ambaye hakuwahi kumjibu mtu kwa sauti ya juu, akakichoma kwenye kisigino cheupe na kukivuta mpaka vidoleni. Akanyakua cha pili rafuni, nacho vilevile. Sponji ikachomoza kama utumbo wa mbuzi.

Teke la kwanza lilimwingia mbavuni, na kitu ndani kikalia kwaa. La pili mgongoni. Duku alimshika nywele, akamgongesha kichwa kwenye rafu, mara moja, mara mbili, viatu vikamwagika juu yao wote. Lemi akaja mbio na kumrukia shingoni. Kiwiko cha Duku kikarudi nyuma kikampasua pua. Halafu vidole vinene vya Duku vikamkaba Lemi koo.

"Naua wewe leo! Wewe na dada yako!"

Macho ya Lemi yalianza kugeuka meupe. Mama Moraa akachukua nondo ya kunyanyulia, akaipiga sakafuni kwa mikono miwili hadi vioo vikatetemeka.

"Ua basi!" alipiga kelele. "Simu tatu za wateja zinakurekodi hapo! Amarat yote itaona: Duku alikiogopa chuma, akaona heri apige mwanamke!"

Duku alizitazama zile simu. Vidole vikalegea, kimoja kimoja.

"Nani anaogopa?"

Teresina, akiwa amelala ubavu, akazisukuma raba za turubai mbele kwa ncha za vidole.

"Hizi, boss. Zako."

Duku alitema mate kando ya kichwa cha Teresina. Lakini akazivaa. Akajifunga kamba mwenyewe, akikaza kama anayemnyonga mtu, akaingia chini ya chuma. Lemi akasimama nyuma yake, damu ikimdondoka kidevuni, akiikodolea ile shingo nene mbele yake. Mikono yake ilikuwa tayari. Tayari kwa lipi, Teresina hakujua, ingawa yeye ndiye aliyemlea.

Kutoka sakafuni aliona miguu tu. Raba mbele, mutukhali nyuma. Magoti yakakunjika. Chuma kikashuka, kikashuka tena, mpaka pale ambapo siku ile kisigino kililala. Msaji haukulala. Vidole vikatawanyika ndani ya turubai, vikashika chini. Pumzi moja ikakatika huko juu. Kisha magoti yakanyooka, polepole, na chuma kikarudi mahali pake kwa mlio.

Mtu mmoja alipiga makofi, akaacha.

Mutukhali zilibaki palepale, zimesimama. Teresina alihema, mbavu zikamkata.

Raba zikageuka. Zikaja mlangoni bila haraka, visigino vikigonga sementi, ko, ko, zikasimama mbele ya uso wake. Sanduku lilikuwa upande mmoja wa mguu ule, mbavu zake upande wa pili. Kisu kilikuwa bado mkononi, naye hakuinua macho.

Mguu wa kulia ukainuka, na kisigino cha msaji kikaning'inia hewani, kati ya sanduku na mbavu.